Mgonjwa wa saratani ya matiti: Familia imsaidie vipi?



Ndugu msomaji wa safu hii, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa maradhi na tiba zake. Leo, inshaallah, tutaizungumzia saratani ya matiti, au kansa ya matiti kama wengi wetu tunavyoiita. Hata hivyo, mazungumzo yetu hayatamlenga mgonjwa peke yake. Tutazungumza zaidi na wewe uliye karibu naye: mume, mtoto, dada, wifi, mama mkwe na jirani. Mgonjwa huyu hukaa hospitali siku chache tu, siku zilizobaki zote anakaa na nyinyi nyumbani.

Nimeichagua mada hii kwa sababu imenigusa mwenyewe. Mama yangu mdogo ndiye aliyenilea nilipokuwa nasoma madrasa. Miaka kadhaa baada ya mimi kuanza kazi ya utabibu, binti yake alinipigia simu usiku baada ya Isha. Akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, mama ana uvimbe kwenye titi. Anao tangu mfungo uliopita. Amenikataza nisikwambie, anasema wewe ni mwanaume, na tena ni mtoto wake."

Kesho yake nikaenda, na jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kosa. Nilimgombeza. Nilimwambia: "Mama, miezi yote hii! Ndugu zako wakujue wewe ni mtu mzima, na mtaalamu unaye ndani ya nyumba!" Hakunijibu neno. Siku tuliyopanga kwenda hospitali alisema ana wageni. Siku ya pili alisema kichwa kinamuuma. Wiki tatu zikapotea, si kwa sababu ya uvimbe, bali kwa sababu ya ulimi wangu. Kilichomtoa nyumbani si elimu yangu. Ni wifi yake, mama mtu mzima asiyejua kusoma, aliyekuja na buibui lake mkononi akamwambia: "Vaa, twende wote. Nitakushika mkono mpaka ndani."

Basi hilo liwe somo la kwanza: anayekuja amechelewa usimuulize kwa nini amechelewa. Mshike mkono, twende.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Saratani ya matiti hutokea pale chembe hai za titi zinapoanza kuzaliana bila ya mpangilio, zikafanya uvimbe, kisha zikasafiri kwenda kwenye tezi za kwapani, mifupa, mapafu au ini. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na ugonjwa huu, na watu 670,000 walifariki kwa sababu yake. Wanaume nao huupata, ingawa ni wachache sana.

Dalili zake ni uvimbe kwenye titi au kwapani, ambao mara nyingi mwanzoni hauumi. Ngozi ya titi kuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu kuzama ndani wakati haikuwa hivyo. Kidonda kwenye chuchu kisichopona. Au chuchu kutoa damu. Kutouma ndiko kunakowadanganya wengi. Mtu husema: "Haliniumi, litaondoka." Si kila uvimbe ni saratani, na nyingi zaidi si saratani. Lakini hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho. Ni lazima kipimo kifanyike.

Ni vyema ikaeleweka pia kuwa ugonjwa huu hauambukizi. Hauambukizi kwa kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, kuvaa kanga ya mgonjwa, wala kwa unyumba. Nimeshuhudia nyumba ambayo mgonjwa alitengewa kikombe na sufuria yake. Kilichomuumiza zaidi mama yule ni kile kikombe.

Msiufiche ugonjwa kwa mwenyewe

Katika familia zetu ipo tabia ya majibu kupewa mume au kaka, kisha mgonjwa akaambiwa "ni jipu tu" au "ni maziwa yameganda". Nia ni njema, lakini madhara yake ni makubwa. Mgonjwa asiyejua anaumwa nini ataacha dawa pindi zitakapomtapisha, kwa sababu hakuna mtu anayevumilia mateso ya namna ile kwa ajili ya jipu. Aidha, ana madeni yake, amana za watu, watoto na wasia. Ni haki yake kujua ili ajipange. Mwambieni taratibu, mahali pa faragha, mkiwa naye yule anayempenda zaidi, na mumuache alie.

Kipimo cha uhakika ni kuchukuliwa kinyama kidogo kutoka kwenye uvimbe na kupelekwa maabara. Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, kwani yapo maneno mtaani kwamba sindano au kisu "kinaiamsha kansa". Maneno hayo si ya kweli. Kinachoikuza kansa ni kuachwa. Kinyama hicho ndicho kinachowaambia madaktari kama ni saratani, na kama inachochewa na homoni za mwili, jambo linaloamua ni dawa gani zitumike. Jukumu la familia ni kuhakikisha majibu yanafuatiliwa. Yapo majibu yanayokaa maabara kwa wiki nyingi kwa sababu tu hakuna aliyetumwa kuyachukua.

Kuhusu stara, wako dada zetu wanaokataa kupimwa kwa kuwa daktari ni mwanaume. Ombeni kwanza daktari au muuguzi wa kike, na msione haya kuomba. Akikosekana, wanazuoni wameruhusu tiba kwa dharura, mtu afunue kile tu kinachohitajika, na mume au ndugu yake awepo chumbani. Stara haikuja kumuua mtu.

Gawaneni kazi

Matibabu ya saratani ya matiti huchukua miezi mingi. Kwa kawaida ni upasuaji, dawa za dripu ambazo hospitalini huitwa kemotherapi, mionzi, na kwa wenye saratani inayochochewa na homoni, vidonge kama tamoksifeni ambavyo humezwa kwa miaka 5 hadi 10. Mtu mmoja hawezi kuubeba mzigo huo. Kaeni kikao cha familia mgawane.

Mmoja awe wa kumsindikiza kliniki. Awe na daftari: tarehe za dripu, majina ya dawa, majibu ya damu na maswali ya kumuuliza daktari. Mwingine ashughulikie fedha. Nauli, chakula na malazi ya mjini huimaliza familia hata pale ambapo dawa yenyewe si ghali. Kama hali ni ngumu, nendeni mapema ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaeleze, msisubiri mpaka muuze shamba. Wa tatu asimamie watoto na shule zao, na wa nne jiko.

Kwa walio Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ndiyo kituo kikuu, na hospitali ya Bugando ya Mwanza nayo hutoa tiba ya mionzi. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo anayetoka mkoani anahitaji ndugu wa kumpokea. Wewe uliye Dar es Salaam, kumpa mgonjwa huyo chumba kwa mwezi mmoja ni sadaka ambayo huenda ikawa ndiyo tofauti kati ya kumaliza dozi na kuiacha njiani. Wala usiogope: mionzi inayotoka kwenye mashine haibaki mwilini. Akirudi jioni anaweza kumpakata mtoto bila ya madhara yoyote.

Siku za dripu: usafi wa nyumba

Dawa za kemotherapi hushambulia chembe zinazozaliana haraka. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, kwa kawaida wiki mbili hadi tatu baada ya dripu ya kwanza, kisha huota tena matibabu yakiisha. Pia hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Upungufu huo huwa mkubwa zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu nyingi. Basi zingatieni haya:

1. Homa ni dharura. Wekeni kipimajoto ndani ya nyumba. Joto likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni saa nane za usiku. Msimpe panadol mkasubiri kupambazuke. Panadol hushusha homa na kuwaficha hatari, na ndani ya saa chache maambukizi yanaweza kumuua.

2. Mikono. Kila anayemuhudumia anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kupika, kabla ya kumgusa na baada ya kutoka chooni. Sisi tunatawadha mara tano kwa siku, lakini udhu hauna sabuni. Ongezeni sabuni.

3. Wageni. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu kwa mwenzake, lakini mwenye mafua, kikohozi au kuharisha ampigie simu na amuombee dua akiwa kwake. Wengine wakae dakika chache, kisha waondoke. Na tafadhalini, msimsimulie habari za fulani aliyekuwa na ugonjwa kama wake akafariki.

4. Maji na chakula. Maji ya kunywa yachemshwe. Nyama, samaki na mayai yaive barabara. Matunda yaoshwe na kumenywa. Katika siku hizo aepuke maziwa mabichi, kachumbari na vyakula vya mtaani vilivyokaa wazi. Kama anakunywa kombe, maji yake yachemshwe na sahani iwe safi. Hata maji ya Zamzam yaliyokaa miezi kwenye dumu yachemshwe kwanza.

5. Kichefuchefu. Apewe dawa za kuzuia kutapika kama alivyoandikiwa, asisubiri mpaka atapike. Mpeni chakula kidogo kidogo mara nyingi. Mafuta yanayokaangwa yakaangiwe mbali na chumba chake. Midomo na ulimi vikitoka vidonda, asukutue kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi.

6. Uchafu. Kwa siku mbili za mwanzo baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi huwa na mabaki ya dawa. Anayesafisha, au anayemsaidia kujisafisha, avae glavu, kisha amwage maji mengi chooni. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Ipo dawa moja nyekundu ambayo hufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Msitaharuki.

Hakuna chakula kinachoponya saratani peke yake, na wala si sahihi kumkataza mgonjwa kila kitu mpaka akakonda. Anahitaji nguvu: uji, samaki, dagaa, maharage, mayai, mboga na matunda.

Ama kuhusu habbat sauda, miti shamba na visomo, kisomo na dua ni ngao ya Muumini, na havigongani na hospitali. Lakini kila kinachonywewa, hata kama ni cha asili, daktari aambiwe, kwani baadhi ya dawa za miti hugombana na kemotherapi au kulielemea ini. Anayewaambia "acheni ya hospitali kwanza, njooni kwangu" muogopeni. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kujitibu aliwaamrisha watu wajitibu, na akatufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa.

Baada ya upasuaji

Mara nyingi upasuaji huondoa titi pamoja na tezi za kwapani. Tezi zikiondolewa, mkono wa upande ule unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Msaidieni afanye mazoezi ya mkono aliyofundishwa, hata kama yanauma kidogo, vinginevyo bega litakakamaa. Asibebe ndoo kwa mkono ule, avae glavu akilima au akishika vyungu vya moto, na kidonda chochote kisafishwe mapema. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, arudi hospitali. Aidha awakumbushe wahudumu wampime presha na kumchoma sindano mkono wa pili.

Ngozi inayopigwa mionzi isipakwe manukato, hina wala piko, wala kusuguliwa kwa dodoki. Maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali vinatosha.

Fundi cherehani wa mtaani anaweza kumshonea titi la pamba la kuweka ndani ya sidiria, na likamuwezesha kwenda harusini bila ya kujiinamia. Ni jambo dogo la gharama ndogo, lakini humrudisha mtu miongoni mwa watu.

Kwa waume

Ndugu yangu mume, aliyeondolewa titi hakuondolewa uanamke wake. Jambo wanalolihofia akina mama wengi ninaowahudumia si kisu, ni wewe. Wanasema: "Ataniona vipi?" Usisubiri akuulize. Mwambie. Kaa naye anapobadilishwa bandeji, usigeuze uso.

Kumbuka kisa cha Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Jeshi la Waislamu lilipotoka kwenda Badr, mkewe Bi Ruqayya (r.a.), binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa. Mtume (s.a.w.) alimtaka Uthman abaki amuuguze mkewe, na akamhesabia malipo na fungu la ngawira sawa na aliyehudhuria Badr. Basi asiwepo mwanaume wa kusema kwamba kuuguza ni kazi ya wanawake.

Katika kipindi cha matibabu unyumba si haramu kitabibu, ila ufuate hali ya mgonjwa, na kondomu itumike siku za mwanzo baada ya dripu. Asibebe mimba akiwa kwenye kemotherapi, mionzi au tamoksifeni, kwani dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango zenye homoni hazimfai. Muulizeni daktari kuhusu kondomu au kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Na kama ananyonyesha, aulize kabla ya kuanza dawa, kwani wakati wa kemotherapi hanyonyeshi.

Watoto nao waambiwe kwa kadiri ya umri wao. Mtoto asiyeambiwa hujitungia lake, na wako wanaodhani mama anaumwa kwa sababu wao walimkasirisha.

Ibada na Ramadhani

Allah (s.w.) amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Wako wagonjwa wanaojilazimisha kufunga wakaishiwa maji mwilini, na wako wakwe wanaowatazama vibaya wasiofunga. Acheni hilo. Daktari aseme kama anaweza kufunga, na sheikh amueleze kama atalipa siku hizo au atatoa fidya. Vivyo hivyo asali akiwa amekaa au amelala, na asiyeweza kugusisha maji kwenye kidonda aulize namna ya kupaka au kutayamamu.

Pale tiba inapokoma

Wapo wanaochelewa mno, na wapo wanaowahi lakini ugonjwa ukarudi. Hapo kazi ya familia haijaisha. Maumivu ya saratani yana dawa. Mofini ya maji, ikitolewa na hospitali na kunywewa kwa saa zilizoandikwa, si ulevi wala haimuharakishii mtu mauti. Humpa mgonjwa nafasi ya kulala, kusali na kuzungumza na wanawe. Hufunga choo, kwa hiyo apewe na dawa ya kulainisha. Nilimuuguza mama mmoja ambaye wanawe walificha chupa ya mofini wakihofia atakuwa teja. Alilia siku nne. Walipokubali kumpa, usiku ule ule alilala, na asubuhi akaomba aletewe wajukuu. Aliishi wiki mbili zaidi, akatoa wasia wake akiwa na akili timamu. Wanawe mpaka leo wanazijutia siku zile nne.

Hitimisho

Mama yangu mdogo alimaliza dripu na mionzi, na sasa yuko mwaka wa nne wa vidonge. Mkono wake huvimba akikuna nazi, kwa hiyo mbuzi ya nazi ameikabidhi kwa wajukuu, naye husimamia tu, tena kwa ukali. Kila siku ya kliniki wifi yake bado huja na buibui mkononi. Wengine hawakubahatika hivyo, na Allah ndiye mjuzi wa hekima yake.

Ninachokuomba, ndugu msomaji, ni jambo moja kabla hujalikunja gazeti hili. Waambie mama, dada, mke na binti zako kwamba siku yoyote atakayeona mabadiliko kwenye titi lake, akwambie, na hutomgombeza. Kisha siku hiyo ikija, itimize ahadi.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.